Pipa Linalokohoa

Mama Kimea alipofungua bomba la pipa jipya, pipa lilikohoa kwanza, kisha likasema kwa sauti ya marehemu binti yake, "Mama, hewa." Wateja walishusha vikombe wakangoja. Lilipomaliza, pombe ikatoka na povu lake, nao wakarudi kwenye ubishi wao wa mpira.

Binti huyo alifia katika chumba cha kuchachushia. Pombe ikichachuka hutoa hewa nzito inayotuama chini, na chumba hakikuwa na dirisha. Zamani lilikuwapo, ila shemeji yake Mama Kimea, mwenye nyumba na biashara, aliliziba kwa matofali ili majirani wasilalamikie harufu. Binti aliinama kupiga deki, hakuinuka tena. Msibani shemeji alilia mpaka akashikiliwa. Dirisha hakuligusa.

"Shemeji, mtoto anaomba hewa," Mama Kimea alimwambia.

"Namsikia. Kwani wateja wamekimbia?"

Hawakukimbia. Fundi viatu, mteja wa siku zote, alikuwa akimwitikia kabisa, "Pole, mwanangu," ndipo anywe.

Shemeji aliposafiri, Mama Kimea alimwita mwashi. Matofali yakatoka, upepo ukaingia. Akapika, akachachusha, akajaza mapipa. Siku ya kuuza alitega sikio bombani. Pombe ikatoka kimya. Akafungua pipa la pili. Kimya. Fundi viatu alionja, akasema haijawahi kuwa tamu hivi. Mama Kimea akaenda uani, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akayangoja machozi. Hayakuja.

Kesho yake alimrudisha mwashi.

"Lizibe."

"Mama, si humo ndimo mtoto..."

"Najua. Wewe ziba."

"Na wewe utapumua wapi?"

"Nitapumua nikitoka."

Shemeji aliporudi aliukuta ukuta kama alivyouacha, akamsifu shemeji yake kwa kuitunza nyumba.

Mapipa yaliyofuata yalikohoa vizuri. Siku hizi Mama Kimea huingia chumbani asubuhi na sufuria ya kimea, hujifungia, huinama palepale alipoinama binti yake, na hatoki mpaka magoti yaanze kulegea. Jioni hufungua bomba.

"Mama, hewa."

"Nipo, mwanangu," humjibu, kisha humjazia fundi viatu kikombe chake.