Gereji ya Selotepu

Mume wangu Haroun hajawahi kuniagiza kitu China. Miaka kumi na moja niko Guangzhou, nanunua midoli na madaftari mtaa wa Yide Lu, napakia, nasafirisha, na yeye hata saa ya mkononi hajawahi kuomba. Ukimuuliza, "Baba Nahla, nikuletee nini?" anakujibu, "Jilete mwenyewe." Sasa Jumanne ile nikapata ujumbe wake wa sauti, dakika nne nzima, mtu ambaye salamu zake huwa sekunde sita. Anataka trela. Si trela la kubebea mchanga, la hasha. Trela la safari, la kukunja: likikunjwa ni sanduku lenye magurudumu, likikunjuliwa ni hema lenye kitanda.

Makubwa!

Haroun amefundisha Jiografia miaka thelathini na mbili. Anakuchorea mto Rufiji na vijito vyake vyote akiwa amefumba macho, lakini yeye mwenyewe safari yake ndefu kabisa ni Morogoro, tena kwenye msiba. Amestaafu mwezi wa tatu. Nilidhani atafuga kuku kama wastaafu wenzake. Kumbe mwenzangu anataka nyumba ya kukokota nyuma ya pikapu.

Sharti lake lilikuwa moja tu: trela liingie gereji ya nyumbani kwetu Tabata, na mlango ufungwe. "Likilala nje," alisema, "wiki haiishi watakuwa wameondoka na magurudumu. Kama haliingii, basi, mama Nahla, niache nilivyo." Kisha akanisomea vipimo polepole, utadhani anawasomea imla Kidato cha Pili. Ndani urefu mita tano na sentimita ishirini, upana mita mbili na sabini. Mlango upana mita mbili na arobaini, kimo mita mbili kamili.

Nisiwafiche, niliingiwa na hofu. Mtu unayemwona wiki tatu kwa mwaka, ghafla anataka nyumba yenye magurudumu. Anakwenda wapi? Anakwenda na nani? Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini hapa mbachao ni mimi, na mimi ndiye niliyeondoka. Nikajiambia, Ilham, huna haki ya kuuliza. Halafu nikajiambia, haki ninayo, ndoa ni yangu na talaka sijapewa. Nikazunguka na hilo chumbani mpaka chai ikapoa. Mwisho, badala ya kumuuliza kama mke, nikamjibu kama wakala anavyomjibu mteja: "Vipimo nimevipata. Nakutafutia."

Alhamisi nikamchukua Judica, binti wa Kipare anayesomea uhandisi chuo kikuu hapa, ambaye hunitafsiria nikikwama. Kichina changu ni cha sokoni. Najua laoban, yaani bosi. Najua tai gui le, yaani ghali mno. Na najua kununa. Vitu hivyo vitatu vimenilisha mpaka leo, ila havitoshi kununulia trela.

Tulipanda treni mpaka mwisho wa njia, kisha teksi, tukafika kwenye godauni la laoban mmoja anayeitwa Liang, mwembamba, chupa ya chai haimtoki mkononi. Trela lenyewe, lile lile ambalo Haroun alinitumia picha yake, lilikuwa pale katikati limejikunja, kimya. Nikalizunguka mara mbili. Nikaligonga ubavuni. Liang akacheka, akachomeka mpini, akaanza kuzungusha. Jamani! Paa likapanda taratibu kama andazi linavyoumuka. Akavuta ubavu mmoja, kikatoka kitanda. Akavuta ubavu wa pili, ikatoka meza na mabenchi yake. Pazia likashuka, hapo pana jiko la gesi la mafiga mawili, na pale pana ndoano ya kutundikia taulo. Nikaingia, nikatoka, nikaingia tena. Nilifungua kila kidroo, na vilikuwa tisa.

Kitanda kilikuwa kimoja. Cha watu wawili. Nikakitazama, nikatoka nje.

"Muulize CBM yake," nikamwambia Judica.

CBM ndiyo dini yetu sisi wa mizigo: ni nafasi ambayo kitu kinakula ndani ya kontena. Liang akaleta karatasi. Urefu mita tatu na arobaini, upana mita moja na sabini na tano, kimo mita moja. Nikapiga hesabu kichwani, karibu CBM sita. Nikafurahi. "Linaingia gereji," nikasema, "na nafasi ya kuchezea bao inabaki. Andika oda."

Judica hakuandika. Alikuwa amechuchumaa, anaisoma karatasi. "Dada Ilham, magurudumu yako wapi hapa?"

"Magurudumu gani?"

"Haya ni vipimo vya likiwa kwenye kreti. Magurudumu yamefunguliwa, na mkono wa kukokotea umeng'olewa. Huko gerejini mumeo ataliingiza kwa kulibeba kichwani?"

Loo! Nilitamani sakafu inimeze. Lakini ndivyo tulivyo. Mchuuzi wa Guangzhou haulizi kitu kina ukubwa gani, anauliza kinakula nafasi gani. Kwangu mimi baiskeli ya mtoto haina magurudumu, ina katoni. Nimesafirisha mabembea mia tatu, na sijawahi kuona hata moja limesimama.

Basi tukapima upya, kwa futi ya Liang, trela likiwa limekunjwa na limevaa viatu vyake. Upana ukawa mita mbili na kumi na tano. Kimo, mita moja na hamsini na tano. Urefu pamoja na mkono, mita nne na themanini na tano. Bao halichezeki tena humo.

"Kwenye karatasi linaingia," Judica alisema, ila uso umemkunjamana. "Mlangoni unabaki na kiganja kimoja kila upande. Mzee wako anajua kurudisha trela nyuma?"

"Anajua kurudisha madaftari ya wanafunzi."

"Basi tujaribu."

Tukachora gereji ya Tabata kwenye sakafu ya godauni kwa selotepu, ile ya kahawia ya kufungia katoni. Judica anapima, mimi navuta, Liang anakata kwa meno. Kuta tukazijenga kwa katoni tupu mpaka usawa wa kifua. Kimo cha mlango hakikuwa na shida, lakini Liang alikataa katakata tukiruke, akaleta ngazi mbili na ufito akatuwekea kizingiti cha mita mbili. Alikuwa amesahau biashara kabisa. Akauliza, kupitia Judica, kama sakafu ya huko ina mteremko, kama mvua inaingia, na kama mlango unafunguka kwa nje au kwa ndani. Nikamjibu yote. Nilishangaa nilivyoyajua.

Tukasukuma. Mara ya kwanza tukaangusha ukuta wa kushoto. Mara ya pili tukaangusha wa kulia, Liang akatukana kwa Kikanton, Judica akakataa kutafsiri. Mara ya tatu nikasimama mimi mwisho wa gereji, nikawaita kwa mikono: njoo, njoo, kulia kidogo, njoo. Trela likaja polepole mpaka likanikaribia tumboni. Likaingia lote. Nikapiga vigelegele peke yangu humo godaunini, mama mzima wa miaka hamsini.

"Huko nyuma ulikosimama kuna nini?" Judica aliuliza, kalamu mkononi. "Rafu? Pipa la maji? Gereji ya nyumbani haikosi makorokoro."

"Makorokoro hakuna. Kuna mizigo yangu tu."

"Mizigo ipi?"

Hapo ndipo nilipojisikia ninachosema. Gereji ile haijawahi kulala gari tangu nije China. Ina katoni zangu: midoli iliyokosa soko, madaftari ya jalada la zamani, puto, kalamu, miaka kumi na moja ya bidhaa zangu, imejaa hadi dari. Pikapu ya Haroun inalala uani chini ya turubai. Nikivuta picha ya gereji naona katoni. Sasa mtu kapima vipi ukuta kwa ukuta? Na mimi nilivipokea vipimo siku mbili zilizopita bila kuuliza, kwa kuwa nilivipokea kama vya mteja.

Nikampigia simu ya video hapo hapo. Huku saa tisa alasiri, Tabata saa nne asubuhi. Akapokea, na sauti yake ikawa inarudi mwangwi.

"Assalamu alaikum. Mizigo yangu iko wapi?"

"Waalaikumu salaam, mama Nahla."

"Haroun! Mizigo yangu!"

Akaizungusha simu. Gereji tupu, imefagiliwa, kuta zimepakwa chokaa. "Iko dukani kwa dada yako Bimkubwa. Niliipeleka Rajabu. Nyingi ameshauza."

"Rajabu? Mimi si nilikuja Shaabani, Wachina walipofunga masoko kwa Mwaka Mpya wao? Si nililala nyumba hiyo hiyo wiki tatu?"

"Ulilala, ndiyo. Gereji hukuifungua." Alisema bila ubaya. "Nilitaka nione ina ukubwa gani. Nilikuwa nimesahau."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na wangu ukapasuka. "Unakwenda na nani? Kitanda nimekiona, ni cha wawili. Niambie sasa hivi, Haroun, usinizungushe. Unakwenda na nani?"

Judica akajifanya anabandua selotepu mwisho kabisa wa godauni. Haroun akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Nilikuwa nataka kukuuliza jambo," alisema. "Maelezo niliyosoma yanasema taa ya kusomea ni moja, inafungwa upande mmoja wa kitanda, dirishani au mlangoni. Ni lazima uwaambie mapema. Nikataka kusema waifunge upande wangu, maana mimi nasoma ramani. Halafu nikashindwa. Upande wangu ni upi? Wewe unalala upande gani?"

"Miaka ishirini na sita ya ndoa hujui mkeo analala upande gani?"

"Ukija unaangukia popote, hata kochini. Usiku unaamka unajibu wateja. Nikianza kujua, unapanda ndege."

"Kwani nani kasema nakuja hiyo safari?"

"Hakuna aliyesema. Naulizia taa tu."

Nikafungua mdomo nimkaripie, na nilikuwa na maneno, wallahi, ya kutosha. Lakini chumbani kwangu, huku mtaa wa Xiaobei, kuna kitanda cha futi tano kwa sita na mto mmoja.

"Katikati, Haroun," nikamwambia. "Mimi siku hizi nalala katikati."

Nilimwona amesimama kwenye gereji yake nyeupe, miwani mkononi, na machozi yakanitoka mbele ya laoban wa watu bila aibu.

"Usikate simu," nikasema. Nikamwita Judica amwambie Liang alikunjue tena trela, papo hapo lilipo. Liang akazungusha mpini, akavuta ubavu, kitanda kikatoka kikasukuma ukuta wetu wa katoni, ukaanguka wote. Nikavua viatu, nikampa Judica anishikie simu, nikapanda. Nikalala kwanza upande wa dirishani.