Kamba ya Triglav

Kwetu Mojstrana, kijiji cha milimani Slovenia, mtu ambaye hajafika kilele cha mlima Triglav haulizwi kwa nini. Anatazamwa tu, kama aliyekuja msibani akaanza kuulizia chakula. Na siku atakayofika mara ya kwanza, waliomtangulia humlaza juu ya jiwe wakamchapa makalio kwa kamba ya kupandia, watu wakicheka, kisha akapewa rumu anywe. Hapo amehesabiwa mwenyeji. Mimi nilikuja hapa kuolewa, nikitokea Prekmurje, nchi tambarare ya maboga na mabata, na miaka yote niliyoishi chini ya mlima huo kamba hiyo sikuwahi kuionja.

Si kwamba sikuomba. Mume wangu, Rajko, alipanda milima kama wengine wanavyokwenda dukani. Kila msimu nilimwambia anipeleke, na kila msimu hakukosa neno: mara theluji mbaya, mara goti langu, mara nani atabaki na kuku. Mwaka kesho, Milojka. Alikufa kitandani kwa ugonjwa wa mapafu, mwaka kesho bado iko mdomoni. Nililia, kisha nikakasirika, na hasira ndiyo iliyokaa. Hatukujaliwa mtoto. Nyumba ilinyamaza mpaka nikajikuta naongea na jiko.

Ndipo nikaenda chama cha wapandaji, darasa la wanaoanza. Mwalimu alikuwa Brane, kijana ambaye ningeweza kumzaa. Akaniangalia juu hadi chini, akauliza kama nimekuja kumchukua mjukuu. Nikamwambia nimekuja kumchukua yeye nikamfunze adabu, na kabla ya hapo anitafutie viatu. Alicheka, akanitafutia. Wanafunzi wenzangu walikuwa wawili, Špela na Anže, watoto wa chuo. Waliniita mama, wakanibebea shoka la barafu, na jioni wakaenda baa bila kuniambia.

Tulifundishwa kuanguka kwanza. Unajiachia kwenye mteremko, unateleza kichwa chini, unageuka na kulichimbia shoka kwenye theluji mpaka usimame. Mimi nilikuwa hodari wa kuanguka. Kupanda ndiko kulikonitoa jasho. Kwenye maporomoko ya maji yaliyoganda, kule korongoni, nilikwama katikati, miguu inacheza kama cherehani, huku Brane akinipigia kelele kutoka chini kwamba niamini meno ya chuma yaliyofungwa viatuni, niache kuning'inia kwa mikono. Niliyaamini. Sikuwa na kingine cha kuamini siku zile.

Mwezi wa pili Brane akasema tumeiva, twende Triglav. Kwa kuwa wanafunzi ni watatu, alimleta msaidizi, Ciril, mzee kutoka Jesenice aliyekuwa akipanda na Rajko tangu ujana wao. Mimi nilimjua kwa jina tu. Hata mazishini hakuja, alikuwa amelazwa hospitali kwa ajili ya mguu. Aliponiona akanikumbatia, akaniita shemeji, macho yakamlowa. Mimi nikafurahi, nikasema angalau nimempata mtu wa kunisimulia habari za mume wangu. Lakini pale kibandani tulipolala njiani, alikula soseji yake, akasimulia habari za kamba na misumari, akakoroma.

Kulipokucha tukaingia kwenye ukingo wa mwisho. Nyaya za chuma za kushikilia zilikuwa zimefukiwa na theluji, ikabidi tuzichimbue kwa shoka. Kushoto hakuna kitu, kulia hakuna kitu. Niliogopa, nasema wazi. Mmefungwa kamba moja lakini kila mtu yuko peke yake ndani ya kofia yake, na upepo haukuachii hata neno la kumpa aliye mbele. Nilikuwa nikimwambia Rajko moyoni, ona, naja, bila wewe.

Tukafika. Mnara mdogo wa chuma umevimba kwa barafu, mawingu yako chini yetu. Brane akamlaza Anže, akamchapa, tukacheka. Nikavua begi langu nikajipanga nyuma ya Špela. Sijawahi kungoja kipigo kwa furaha namna ile.

Ciril akaja akanishikisha kamba. Akaniambia binti huyu aliye mbele yangu nimchape mimi, maana mimi ni mwenyeji tayari.

"Zamu yangu bado, Ciril. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza."

"Acha utani, shemeji. Nilikuchapa mwenyewe."

"Lini?"

"Mwaka ule mlipooana. Ukungu hata pua yako huioni, na wewe umejifunga kitambaa mpaka machoni. Rajko akasema huyu ndiye mke wangu, mchapeni. Tukakuchapa. Ulicheka mpaka ukakaa chini."

Mwaka ule mimi nilikuwa nyumbani, nakaanga vitunguu, naomba nipelekwe.

"Sikuwa mimi," nikamwambia.

Ciril alinitazama. Akaanza kusema huenda amechanganya, uzee huu, huenda lilikuwa kundi jingine. Maskini alikuwa anatafuta uongo wa kunipa na hakuupata. Nami papo hapo nikaelewa goti langu, na theluji mbaya, na kuku. Mke wa Rajko alikwisha kuchapwa mbele ya rafiki zake. Angemletaje wa pili?

Wale vijana hawakusikia kitu, upepo ulikuwa mkali. Špela alikwisha kuchapwa na Brane, anajipangusa theluji. Nikamrudishia Ciril kamba yake, nikalala juu ya jiwe.

"Nipe changu," nikasema. "Na usinihurumie."

Alinipiga kweli kweli. Brane akapiga makofi, akatangaza kwamba sasa mama Milojka ni mtu wa hapa, Anže akanimiminia rumu kwenye kifuniko cha chupa. Niliinuka machozi yananiganda mashavuni. Špela akanifuta kwa glovu yake, akanicheka kidogo, akasema hakujua kwamba kamba inaweza kuuma hivyo juu ya suruali nzito namna ile.

Nikamwambia inauma.