Machubwi ya Mzee Fawaz

Tangu aache ukarani wa bandarini, Mzee Fawaz alibakiwa na starehe moja: kutengeneza machubwi ya kuzamishia mishipi. Risasi alipewa na mafundi magari wa mtaa wa Al Quoz, vile vipande vinavyobanwa kwenye magurudumu yasiyumbe. Akikaa roshani, nyumbani kwao Mankhool, akiwasha jiko la gesi mpaka risasi iyeyuke, akiengua taka kwa kijiko kikuukuu, kisha akiimimina kwenye kalibu polepole kama mtu amiminaye kahawa. Machubwi akiwagawia wavuvi wenziwe bure.

"Zito hili, Fawaz," wakimtania. "Samaki ukimpiga nalo, ndoano ya nini?"

Mjukuu wake Maha alipotimiza mwaka, akaanza kukataa chakula na kunyong'onyea. Hospitali wakampima damu, wakakuta sumu ya risasi. Fairuz, mama yake mtoto, hakupandisha sauti.

"Baba, usimshike tena mwanangu."

Mzee akaenda roshani. Alitia kalibu na sufuria guniani, akaviondosha, akaisugua roshani kwa mikono yake. Kisha akahamia mtaa wa Deira kwa mpwawe, akisema labda hata kanzu zake zina vumbi la risasi.

Mkewe, Bi Khairunisa, alibaki kumlea mtoto. Kila asubuhi akimkogesha, akimpaka mafuta ya nazi, halafu akifungua kichupa chake cha wanja wa manga. Akimpaka machoni, akimtia na nukta kwenye paji la uso, hasidi asimpate. Ndivyo alivyopakwa yeye, ndivyo alivyompaka mwanawe Tamim, babake Maha. Na tangu mzee aondoke alizidisha, maana aliona nyumba yao imeshatupiwa jicho.

Baada ya miezi mitatu, kipimo cha pili kikatoka kibaya kuliko cha kwanza. Muuguzi, Mkenya aitwaye Serah, akamgeuza mtoto uso kwenye mwanga, akamuuliza bibi:

"Shosho, hii wanja umenunua duka gani?"

"Si wa dukani, mwanangu. Ni wa asili, wa jiwe."

"Jiwe lenyewe mara nyingi ni risasi. Akisugua macho, vidole vinaenda mdomoni. Lete hiyo chupa tuipime."

Wakaipima. Wanja ulikuwa na risasi.

Siku ile ile Bi Khairunisa alimbeba mtoto hadi Deira, Fairuz nyuma yake. Mzee alikuwa barazani kwa mpwawe, amekonda, kanzu imemning'inia.

"Baba Tamim, si wewe," akasema kabla ya kuketi. "Ni wanja wangu."

Mzee akasimama. "Mtoto atapona?"

"Wameanza dawa. Tumuombe Mungu."

"Nisamehe, Baba," akasema Fairuz. "Mshike."

Mzee akaenda kwenye sinki. Akajipaka sabuni hadi viwikoni, akasuuza, akajipaka tena, akachokonoa kucha moja moja.

"Yatosha, mume wangu," mkewe akamwambia.

"Bado."

Alipokuja na mikono iliyochuruzika maji, Maha alimtazama kama atazamwavyo mgeni. Alikuwa keshamsahau. Akaangua kilio, akageuka, akamkumbatia bibi yake shingoni. Bi Khairunisa akajaribu kumbandua vile vidole vidogo, na kila alipokibandua kimoja, vingine vikazidi kumkamata.