Saa ya Ishirini na Nne

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kituo cha polisi. Si ajabu, maana hushinda huko. Kijana wangu Mwakio alikamatwa siku kumi na tisa zilizopita akiwa ameshika bango la kudai maji. Kila nikienda kumuulizia, naambiwa hayumo kwenye kitabu cha mahabusu.

Kwenye benchi wamebanana watu ishirini na watatu.

"Nyinyi ni nani?"

"Sisi ni saa, mama," anajibu wa kwanza. "Tukitimia ishirini na nne, mtoto wako anafikishwa mahakamani. Ndivyo inavyosema Katiba."

"Na mwenzenu yuko wapi?"

"Alitumwa maziwa ya chai ya askari. Hajarudi."

"Siku kumi na tisa? Huyo ng'ombe ndiyo kwanza anazaliwa?"

Mwisho wa benchi ameketi Haki ya Kunyamaza. Nikamsalimu. Hakuitika. Sikumlaumu, yuko kazini.

Nageuka, kituo kimekuwa jikoni kwangu. Kaunta iko penye jiko, na askari wa zamu amevaa sufuria yangu kichwani.

"Afande, nimemletea Mwakio chapati."

"Hayupo hapa, mama."

"Sawa."

"Lakini onja kwanza. Chakula cha mahabusu lazima aliyekileta akionje."

Naonja. Natafuna polepole, macho kwake.

"Kama hayupo, unaogopa nitamwekea nani sumu?"

Anafungua kitabu, anakifunga. Sufuria inaanza kuchemka kichwani pake. Saa zote ishirini na tatu zinasimama. Ukutani, juu ya friji, panatokea kidirisha cha seli, na mkono unachomoza.

Naujua mkono ule. Niliukata kucha mpaka mwenyewe alipoanza kuona haya.

"Mama, umechelewa."

"Na wewe umekonda. Umekula?"

"Bado. Nishike kwanza."

Akanidaka kifundo cha mkono, akakibana kama alivyokuwa akifanya tukivuka barabara. Nami nikamshika. Nilitaka kumwambia mengi, nikamwambia asimame wima.

Nikaamka. Nilikuwa nimeketi kitandani, mkono uko hewani, haujashika kitu.

Nikawasha taa. Kwenye kifundo kulikuwa na alama nne nyeusi za vidole na moja ya dole gumba. Nimefanya kazi ya ofisi miaka kumi na miwili, nikiwawekesha watu dole gumba kwenye fomu, na wino ambao polisi huchukulia mahabusu alama za vidole naujua.

Sijaoga. Nimevaa blauzi ya mikono mifupi na baridi yote hii, na sasa hivi natoka kwenda kituoni.