Mafuta ya Taa ya Kusingiziwa

Mzee Leodgar hakumwita pembeni. Hilo ndilo Evaristi alishindwa kulimeza. Mzee alingoja rozari iishe, wanajumuiya wakiwa bado kwenye mabenchi uani kwake, akasimama na kutangaza kwamba dereva wake anamwibia: anafyonza petroli kwenye tangi la pikapu, anaiuza, kisha anajazia mafuta ya taa.

"Ndiyo maana gari linamisi," alisema. "Hawa watu tuliwapokea vizuri walipokuja, na shukrani yao ndiyo hii."

Walipokuja kutoka wapi, jamani? Evaristi alizaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, akabatizwa hukohuko, na Burundi hajawahi kuikanyaga hata kwa dakika moja. Aliyekuja ni mama yake, Janeti, tena akiwa kwenye mgongo wa bibi. Jioni ile Janeti alikuwa amekaa benchi la nyuma, akainamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyeiba. Evaristi angeweza kusamehe mengi, lakini si kile kichwa kilichoinama.

Mzee alimpa safari moja ya mwisho, Alhamisi, kwa sababu asali anayoiuza ilikuwa imekwisha kuahidiwa wateja wa Tabora. Jumamosi arudishe ufunguo. Na Urambo ni padogo. Dereva akishaitwa mwizi wa mafuta, hakuna atakayemkabidhi hata baiskeli.

Gari lenyewe lilikuwa la enzi za kabureta, limemzidi Evaristi umri. Kila safari liliwaka asubuhi bila shida na kuitoka Urambo likivuta vizuri. Likikaribia Usoke, kwenye njia ileile ambayo wapagazi wa zamani waliipita kwa miguu na mizigo kichwani bila kukwama, lilianza kurukaruka, likikohoa na kupoteza nguvu, huku bomba la moshi likitoa harufu kali ya mafuta mabichi. Ukilipumzisha nusu saa, linapona. Mzee aliishikilia harufu ile kama ushahidi wa mahakamani. Tena mafuta yalikuwa yanaisha upesi, kweli, lakini injini inayomeza petroli bila kuiunguza itaachaje kuimaliza? Evaristi alieleza hayo mara mbili. Angeuelezea ukuta, angesikilizwa zaidi.

Fundi Silasi naye hakumsaidia. Silasi ni fundi mzuri, ila ana ugonjwa mmoja: hukiona kile ambacho mwenye gari amekwisha kukisema. Alifungua kabureta mara tatu, akaiosha na kuipuliza, kila mara injini ikiwa imepoa, na mara zote tatu akatikisa kichwa na kusema ananusa mafuta ya taa. Evaristi alitamani kumpiga na spana.

Jumatano alikwenda kwa Mama Eustadia, mwenyekiti wa jumuiya, ambaye kesho yake alikuwa anakwenda Kipalapala, jirani na Tabora, kumwona mwanawe anayesomea upadri. Alimwamkia shikamoo, akamwomba apande naye pikapu, na kabla ya safari ashuhudie petroli safi ikitiwa kwenye dumu jipya. Mama Eustadia akasema atakwenda, lakini ataamini macho yake tu, machozi ya mtu hayamhusu.

Basi Alhamisi asubuhi dumu likajazwa kituoni mbele yake. Evaristi alilifunga juu ya ndoo za asali, akapitisha mpira kutoka kwenye dumu moja kwa moja hadi kwenye kabureta, na tangi la gari akaliacha bila kazi. Mama Eustadia akakifunga kifuniko kwa kitambaa chake mwenyewe, mafundo matatu.

Kabla ya Usoke gari likaruka, likakohoa.

"Limeanza," alisema Mama Eustadia.

"Limeanza, Mama. Na petroli hii umeifunga wewe."

Safari hii hakungoja lipoe. Aliegesha, akafungua boneti injini ikiwa bado inakoroma. Alichomoa waya wa plagi kwa kitambaa kikavu, akausogeza karibu na chuma: cheche ikaja nyembamba, ikapotea, ikarudi. Kwa hiyo kilichokosekana ni moto, mafuta yalikuwa hayana kosa. Alizima, akazifuata nyaya hadi kwenye distribyuta inayougawa moto, akabandua kifuniko chake na kuungua kidole. Ndani, majimaji ya njano yalikuwa yanachuruzika taratibu na kuingia kwenye platini, vile vidomo viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili cheche iruke. Aliyagusa, akayanusa.

Yalinukia asali. Ilikuwa nta ya nyuki.

Alimnyooshea Mama Eustadia kidole chenye nta. Naye akanusa, wakatazamana, maana wote wawili walikumbuka. Mzee Leodgar hupaka nta kila kitu: viatu, bawaba, hata redio. Wakati wa masika gari lilizimika kwenye maji, naye akayeyusha nta na kuipaka ndani ya kile kifuniko kwa unyoya wa kuku, kwa mkono wake mwenyewe, kisha akajisifu mbele ya jumuiya nzima kwamba maji hayataingia tena. Kweli hayakuingia. Joto la Oktoba lilipofika, nta ikaanza kuyeyuka kila injini ilipochemka, na ikipoa inaganda pembeni, Silasi asiione.

Ungedhani Evaristi alifurahi. Hasira ndiyo kwanza ilimpanda. Aliikwangua nta yote, akaiweka kwenye mfuniko wa kopo, akasafisha platini kwa petroli. Gari likaenda hadi Tabora bila kukohoa hata mara moja.

Ijumaa alimwonyesha Mzee ile nta. Mzee alicheka mpaka akajifuta machozi, akampiga begani na kumwambia Jumatatu saa moja aje kazini. Basi, yakaishia hapo.

Jumamosi ilikuwa zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwa Janeti. Baada ya rozari Mzee Leodgar akasimama, akamshukuru Mungu kwamba pikapu imepona, akaketi. Mama Eustadia akakohoa. Evaristi akaenda akasimama mbele ya Mzee na ule mfuniko mkononi.

"Mzee, Jumamosi iliyopita uliniita mwizi mbele ya watu hawahawa. Waambie kilichokuwa kwenye gari."

"Tumeshaelewana, mwanangu. Ya nini kufukua?"

"Mimi na wewe hatujaelewana. Waambie."

Mzee alikodolea macho viatu vyake, vinavyong'aa kwa nta, na hatimaye akanong'ona kwamba ilikuwa nta, aliipaka yeye, kijana hakuiba.

"Sijasikia," alisema Janeti kutoka benchi la nyuma. Kichwa chake kilikuwa kimesimama wima.

Mzee akasimama. Safari hii alisema kwa sauti, neno kwa neno, hata jirani wa upande wa pili akachungulia. Janeti aliitikia kwa kichwa, akainuka kwenda kuwaletea wageni chai. Evaristi akamwekea Mzee mfuniko wa nta kiganjani, na ufunguo wa gari juu yake, akamfuata mama yake kumsaidia kubeba vikombe.