Mafuta Meusi ya Mbaha

Ephrasia hakuwa na gari, wala pikipiki, wala ofisi. Hakuwa na muhuri, hakuwa na gundi, na katika ukoo wake wote hakuwa na mtu aliyewahi kupanda ndege. Shule aliipata ukubwani, kwenye darasa la jioni. Lakini alikuwa mwenyekiti wa akina mama wakaanga samaki wa Mbaha, kijiji cha kando ya Ziwa Nyasa, na uenyekiti huo hakuufanyia mchezo.

Kampuni moja ilikuwa ikitafuta mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, iyageuze kuwa mafuta ya ndege. Ukipiga hesabu yote, akina mama walielezwa, ndege ya mafuta hayo huichafua hewa kidogo kuliko ile ya mafuta ya kuchimbwa. Mbaha mafuta machafu yalikuwa ya kupaka mitumbwi tu. Sasa lori lingekuja kuyachukua kila mwezi, mradi dumu la majaribio likubaliwe.

Dumu wakampa konda wa basi la Mbinga, likafika, likakataliwa. Adrian, karani wa kampuni pale Mbinga, alipiga simu mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmeyaonaje mafuta yetu?"

"Mazuri mno, na hapo ndipo penye shida. Yanang'aa. Wakubwa wanasema mmeyatoa dukani. Sisi tunataka mabaki, mama. Tukichukua mapya, tutakuwa tunalisha ndege chakula cha watu. Wanataka kuifuta Mbaha kwenye orodha."

"Waambie wasubiri basi la kesho."

Akawakusanya wenzake ufukweni, penye majiko.

"Nani ametia mafuta mapya kwenye dumu?"

Oliva, ambaye kwa mdomo hakuna aliyemfikia, hakukawia. "Sote. Ulitaka tumpe mgeni uchafu? Hapa mgeni hapewi hata maji kwenye kikombe chenye ufa. Meusi tukamwaga, tukatia ya chupani."

"Sote?"

"Hata mdogo wako Avelina. Tena yeye alikamulia ndimu."

Ephrasia alicheka mpaka akashika kiuno. Lakini lori lilikuwa linaponyoka.

"Dada, sema dumu lilibadilishwa njiani," Avelina alishauri.

"Nimsingizie konda wa watu? Hapana. Kila mtu akalete yaliyomo kwenye karai lake, yalivyo. Atakayeyachuja nitamjua."

Walileta, wakamimina kwenye chupa moja. Chupa ilijaa mafuta meusi kama masizi, yenye harufu ya usipa, dagaa wa ziwa lao. Ephrasia akapangusa mikono, akaketi, akaandika kwa herufi kubwa zilizosimama wima:

"Ndugu, mafuta ya kwanza yalikuwa mapya kweli. Hatukukusudia kudanganya. Kwetu mgeni hapewi kitu kichafu, nasi tuliwapokea kama wageni. Kuanzia leo tutawapokea kama wanunuzi. Mafuta yetu ndiyo haya. Mkiwa na shaka, njoni mtukute jikoni."

"Ongeza kwamba yananuka," Oliva alisema.

"Watajua wakifungua."

Alimega ugali wa muhogo uliobaki mchana, akaupaka ukingoni mwa bahasha, akaukandamiza kwa kidole gumba mpaka ukashika. Asubuhi basi la Mbinga liliposimama, alimkabidhi konda chupa na barua.

"Ya ofisi hiyo," alimwambia. "Usiikalie."