Mama wa Ukutani

Mkono wa Bi Wadha ulikuwa umezama mpaka kwapani ndani ya sanduku langu, ukitafuta nguo za kufukiza ubani. Mimi nimelala na Umkulthum, kichanga wa siku saba, tumbo nimefungwa kanga, hata kuruka siwezi. Nilijua mkono ule utagonga nini. Ukagonga.

"Huyu nani?"

Alikuwa ameshika picha niliyopewa na sista wa hospitali kule Bujumbura, siku mtoto wangu wa kwanza alipofariki: Bibi Mariamu na mwanawe, nakala ya mchoro wa Waitaliano wa zamani, nyuma yao dhahabu tupu. Nilipenda alivyomkumbatia mtoto, kama mtu aliyekwisha kuambiwa kuwa atanyang'anywa.

Ibra, Omani, mwaka 1976, sisi tuliotoka bara tulipimwa kila siku: anasali vipi huyu, Kiarabu chake kikoje. Kaltham, mke wa kwanza wa mume wangu Azzan, alirudishwa kwao Sinaw kwa maneno tu ya Bi Wadha, mama mkwe wetu. Mwanawe akabaki. Sembuse mimi, na picha ya kanisani? Nilimvuta Umkulthum kifuani.

"Mama yangu," nikasema.

"Na mtoto ndiye wewe? Mbona uchi?"

"Joto, bibi."

Akaligusa duara la dhahabu kichwani. "Mashallah. Na dhahabu hii iko wapi sasa?"

"Kaka zangu wameiuza."

Bi Wadha, aliyekulia Wete na hajapata kuingia kanisani, akaitundika sebule ya wanawake kuwaheshimu wakwe. Miaka miwili kila mgeni aliambiwa: mkwe mwenzangu huyo, watu wa dhahabu. Na kila aliyewahi kusoma kwa masista akiinua macho ukutani, mimi nilikimbilia kumwuliza habari za watoto wake.

Kisha ikaja barua. Mama anakuja.

Mama yangu ni Mmanyema wa Ujiji, mweusi tii, ana chale mbili shavuni. Mwarabu alikuwa baba.

Akafika. Bi Wadha akamkalisha, akamletea tende na kahawa. Akatazama ukutani. Akamtazama mama. Akarudi ukutani.

"Mkwe mwenzangu," akasema polepole, "binti yako katwambia yule ni wewe."

Mama alikuwa anatafuna tende. Alimjua vizuri yule mwanamke wa pichani. Sista alinikabidhi picha mbele yake. Akanitazama, nikainamia nywele za Umkulthum. Akatoa kokwa mdomoni, akaiweka kando ya sahani.

"Nilikuwa mwembamba siku zile," akasema. "Jua limenimaliza."

Bi Wadha akamwongezea kahawa.

"Jua la huko kali," akasema.

Mama alikaa mwezi mzima. Sebule ilikuwa na mito pande zote, lakini kila asubuhi alikwenda kukaa chini ya picha ile, mgongo ukutani. Mgeni akiuliza juu pale ni nani, alijibu mwenyewe: "Mimi."

Siku ya kumsindikiza uwanja wa ndege, mama alinigeukia garini tulipofika Bidbid.

"Ile picha yangu niliyopigwa Ujiji, niliyokupa siku unaolewa," akasema, "unayo bado?"

"Ninayo, mama."

Hakuuliza nimeiweka wapi.